Mzigo wa Sauti
Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakiimba njiani. Pembe zilihesabiwa, nyimbo hakuna aliyezihesabu.

Enzi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wimbo wenyewe ukawa mzigo. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania, Dar es Salaam, kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio.

Je, anayehifadhi sauti ni mmiliki au mpagazi? Naona ni mpagazi: anadaiwa kuufikisha mzigo kwa wasikilizaji. Ndiyo maana bendi changa ya leo, ikimaliza kurekodi, hutangaza onyesho. Kurekodi ni kufunga mzigo tu, safari bado.