Tisa Wasiorudi

Mwezi uliopita kamati ya kanisa letu hapa Isiolo ilikutana kupitisha bajeti, na fungu dogo lililokuwa likinunua sabuni, nepi na unga wa uji kwa kina mama wanaohudumu wodini likafutwa. Fedha hizo zitakodi vipaza sauti na jenereta kwa ajili ya mkutano wa injili wa Desemba. Sina ugomvi na mkutano. Injili ni ya kutangazwa, na mimi mwenyewe niliipokea uwanjani, nikiwa nimesimama katikati ya umati. Kilichonichoma ni sababu iliyotolewa. Mzee mmoja wa kanisa aliwageukia wale kina mama, waliokuwa wameketi nyuma kama kawaida yao, akawauliza: "Miaka yote hii mmemleta nani kanisani?" Hakuna aliyejibu. Katibu akaandika kwamba huduma ya hospitali haijazaa matunda, na kikao kikaendelea.

Anayeujua mji huu anajua ni nani wanaolazwa katika wodi zile. Mgonjwa hutolewa Merti, Sericho au Garbatulla, akafikishwa mjini bila ndugu wa kumwosha wala wa kumletea chakula cha nyumbani. Wengi ni Waislamu, maana Waislamu ndio wengi katika kaunti hii: Waborana, Wasomali, Wasakuye. Waturkana, Wasamburu na Wameru pia wamo. Kina mama huingia asubuhi na beseni na chupa za uji. Huwaogesha wanawake wasioweza kujigeuza, huwafulia nguo, hukaa na aliyefiwa na mtoto mchanga mpaka lori la kumrudisha kwao lipatikane. Hawagawi karatasi za injili, wala hawaanzishi maombi ambayo mgonjwa hakuyaomba. Mgonjwa akizidiwa na akataka kusomewa dua ya dini yake, mmoja wao hutoka kwenda kumwita sheikh. Jambo hili la mwisho, naamini, ndilo lililomkera mzee wetu kuliko yote.

Sitakawia kwenye maana ya maneno. Imani tuiite kumtegemea Mungu kwa moyo na kwa mwenendo. Huduma tuiite kumtendea mtu jambo analolihitaji bila kumdai malipo. Kwamba viwili hivi haviachani, Waraka wa Yakobo ulishalimaliza. Ninalotaka kulichunguza ni uhusiano wao. Je, huduma ni chombo cha imani, kinachopimwa kwa kile kinachokamata? Au huduma ni imani yenyewe ikiwa kazini, ambayo haihitaji kukamata chochote ili iwe na thamani?

Zipo hoja za haki dhidi ya kina mama hawa. Kuna wasemao kwamba misaada humzoesha mtu kupokea, na katika kaunti ambayo imeyaona malori ya chakula ukame baada ya ukame, hawasemi uongo. Kuna wasemao kwamba kazi ile ni ya wauguzi, na serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kuwaajiri wa kutosha. Nao wana haki.

Hoja ya mzee ndiyo inayoninyima usingizi. Anasema huduma isiyomleta mtu kwa Kristo ni kazi ya shirika la misaada tu, na kanisa halikuitwa kuwa shirika. Inasikika kama bidii kwa ajili ya Mungu, na ndiyo maana haikupingwa na wengi. Nataka kuifuata mpaka inakoishia.

Tuchukue vitanda viwili vilivyopakana. Katika kitanda cha kwanza yumo mwanamke anayeogeshwa na kulishwa wiki nzima, kisha anaamua kubatizwa. Katika cha pili yumo mwenzake, aliyeogeshwa na mikono ileile kwa maji yaleyale, kisha anarudi kwao Sericho akiwa Mwislamu kama alivyokuja. Kwa hesabu ya kamati, uogeshaji wa kwanza ulikuwa huduma na wa pili ulikuwa hasara. Lakini vitendo hivyo havina tofauti hata moja. Tofauti ipo katika uamuzi alioufanya mtu mwingine, baadaye, kwa hiari yake. Inawezekanaje uamuzi wake uingie nyuma katika tendo langu ukalifanya kuwa jema au bure? Tukikubali hivyo, hakuna mtu anayeweza kujua anatenda nini wakati anapotenda. Mama ameshika beseni, na hajui kama anamtumikia Mungu au anapoteza sabuni.

Isitoshe, hoja hii inamfanya mgonjwa kuwa njia ya kufikia jambo jingine. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alishikilia kwamba binadamu hapaswi kamwe kutumiwa kama njia tu, kwa sababu ana thamani ndani yake mwenyewe. Hatuhitaji kwenda Ujerumani kulijua hilo. Mwanamke asiyeweza kujigeuza kitandani anamtegemea aliyeshika kitambaa. Hawezi kuinuka aondoke. Akisikia kwamba mkono unaomwosha unasubiri jibu lake, atajibu nini? Kukubali kwake kutakuwa na uzito gani mbele za Mungu ambaye tunasema anataka moyo wa hiari? Mzee anadhani anaongeza waumini, kumbe anatengeneza ndiyo ambayo haiwezi kuaminiwa.

Na watu wa kaskazini wanajua ladha ya msaada wenye masharti. Wakati wa vita vya Shifta vya kutaka kujitenga na Kenya, kuanzia 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo waliswagwa na serikali wakafungiwa kambini, Garbatulla na Merti zikiwa miongoni mwa kambi hizo, na mifugo ikaangamia. Waliobaki bila ng'ombe wala ngamia walijifunza kupokea chakula mkononi mwa aliyekuwa na nguvu juu yao. Wajukuu zao ndio tunaowaogesha leo. Sijui ni kwa ujasiri gani tutawaendea tena na chakula mkono mmoja na sharti mkono wa pili.

Tumsikilize Bwana mwenyewe, maana mzee hunukuu Biblia kuliko mimi. Aliwaosha miguu wanafunzi kumi na wawili, na Yuda alikuwa miongoni mwao. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alimruka. Usiku ule bustanini alimponya sikio mtumishi wa kuhani mkuu aliyekuja pamoja na waliomkamata, na Injili haituambii kama mtu yule alimfuata. Katika Mathayo sura ya 25 mfalme anawapima mataifa kwa njaa, kiu, uchi, ugonjwa na kifungo. Hawaulizi wamemleta nani. Wenye haki wenyewe wanashangaa, kwa kuwa hawakujua kwamba walikuwa wakimhudumia yeye. Ingekuwa lengo ni kuhesabu, watu wale wasiojua walichokifanya wangekuwa wa kwanza kufeli.

Tukitumia kipimo cha kamati, tuwapime pia wale tunaowaheshimu. Askofu Luigi Locati alitoka Italia akatumikia Kenya kwa zaidi ya miaka arobaini. Vikarieti ya Kanisa Katoliki ya Isiolo ilipoanzishwa 1995, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiongoza, na jioni ya Julai 14, 2005 alipigwa risasi akafa hapa hapa mjini, akiwa na umri wa miaka 76. Vikarieti haikuwa jimbo kamili mpaka 2023, na hadi leo Wakatoliki ni wachache katika kaunti hii. Nani atasimama mbele ya kaburi lake amuulize alimleta nani?

Au tumtazame Annalena Tonelli, aliyefika Kenya mwaka 1969 akaishi Wajir miongoni mwa Wasomali. Hakuwa mtawa wa shirika lolote. Alikuwa Mkristo mlei aliyechagua umaskini. Wahamaji wenye kifua kikuu walikuwa wakiacha dawa njiani kwa sababu matibabu yalikuwa marefu na mifugo haikungoja. Kuanzia 1976 aliwaweka wagonjwa katika manyatta jirani na hospitali, wakameza dawa wakisimamiwa kwa miezi sita, mpaka wapone. Utaratibu wa namna hiyo baadaye ulienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi. Februari 1984 wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, walipokusanywa na kuuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona huenda waliokufa walikaribia elfu moja. Tonelli alikwenda kuwatafuta majeruhi na kuokota maiti, akasaidia habari zile zijulikane nje, na mwaka 1985 akafukuzwa nchini. Aliendelea na wagonjwa wa kifua kikuu Borama, Somaliland, hadi alipouawa Oktoba 5, 2003, miezi michache baada ya kupewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowahudumia wakimbizi. Ukimhesabia Wakristo aliowaongeza, utapata ukurasa mtupu. Ukiwahesabu waliopona, hutamaliza.

Hapa naomba niende kando kidogo, kwa sababu kuna jambo la wafugaji ambalo halinitoki akilini kila ninapofikiri kuhusu kutoa. Waborana wana utaratibu uitwao busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo kwa ukame au uvamizi, huenda mbele ya ukoo wake, hali yake ikasikilizwa, na wenye mifugo wakachangia apate kuanza upya. Katika visima vyao vya kina kirefu, abba herega hupanga zamu ya kunywesha, na vijana hushuka wakasimama mmoja juu ya mwingine, wakipashana ndoo kwa wimbo mpaka maji yafike birikani. Kijana wa chini kabisa hamwoni ng'ombe anayekunywa. Anasikia wimbo tu na kupandisha ndoo. Siku hizi visima vya pampu ya dizeli vimechukua nafasi kubwa, na mazungumzo kisimani yamekuwa ya nani amechanga fedha za mafuta. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana, watu walibishana vikali juu ya mafuta hayo. Wazee niliowasikiliza walihuzunikia zaidi kulegea kwa zamu kuliko kupungua kwa maji.

Ninachokipenda katika busa gonofa ni kwamba haimtaki anayepokea awe mtu mwingine. Anapewa ng'ombe ili abaki mfugaji, asimame tena kati ya watu wake. Lakini sipaswi kuutia utaratibu huu asali kupita kiasi. Ni wa ukoo, na msingi wake ni kwamba leo ni wewe na kesho huenda nikawa mimi. Mturkana aliyefilisika hawezi kuingia katika kikao kile akadai mtamba. Mfano wa Msamaria unavuka mpaka huo, kwa kumpa mtu ambaye hakika hatalipa na hata jina lake halijulikani. Wahenga wa lugha hii walishatuambia tutende wema twende zetu. Msamaria aliufuata usemi huo kabla ya kuusikia: alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaondoka.

Narudi kwa mzee, kwa sababu baada ya kikao alinifuata mlangoni na neno ambalo sijaliweza. Aliniambia, "Ndugu yangu, Bwana mwenyewe aliwauliza." Alikuwa akitaja wale kumi wenye ukoma katika Luka sura ya 17. Walitakaswa wote, akarudi mmoja kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Na Yesu akauliza walipo wale tisa. Jibu langu la haraka lilikuwa kwamba hata hivyo hakuurudisha ukoma juu yao. Tisa wale walikwenda zao wakiwa wazima, na uzima wao haukupunguzwa kwa kutoshukuru. Ndivyo nilivyosema, na bado naliona ni jibu zuri. Lakini halimalizi. Kama kurudi kwao hakukuwa na maana yoyote, asingeuliza. Swali lake lina huzuni ya mtu aliyetaka kitu zaidi ya ngozi safi, na sina haki ya kulifuta kwa sababu tu linamfaidi mpinzani wangu.

Labda kuna tofauti kati ya kutamani mtu arudi na kuweka kurudi kwake kuwa bei. Yesu alitamani, kamati inataka bei. Tofauti hiyo naiona wazi ninapoandika, ila wodini siioni wazi kiasi hicho, kwa sababu tamanio likikaa sana moyoni hujitokeza mkononi, na mgonjwa ni mwepesi kulihisi.

Tena kuna binti ambaye ndiye mdogo kuliko wote katika kundi la kina mama. Yeye anajua kuogesha mgonjwa bila kumuumiza, na ameanza kuniuliza kwa nini hawasemi lolote. Vijana wa kisimani hufundishwa wimbo pamoja na ndoo. Yeye amefundishwa ndoo peke yake. Huduma inayolitaja jina la Kristo kila wakati huishia sokoni, na hilo nina hakika nalo. Ila huduma isiyolitaja kamwe huenda, kizazi kimoja mbele, ikakosa watu wanaojua ni nini kilichowaamsha asubuhi. Mgonjwa akiuliza waziwazi, binti huyu lazima ajibu kweli, na hapo sote tunakubaliana, hata mzee. Asipoulizwa? Nikimwambia aseme, ninamfikiria mtu ambaye hawezi kuinuka aondoke. Nikimwambia anyamaze, namnyima mgonjwa neno ambalo mimi nililipewa bure uwanjani, na ambalo bila hilo nisingejali ni nani analala wodini.