Mkavu Kibarazani

Nianze kwa kukiri. Masika iliyopita nilichukua kitu cha mtu, na mpaka leo sijakirudisha.

Ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mvua ilishuka ghafla, ile ya Dar isiyobisha hodi. Wamachinga wakafunika bidhaa kwa maturubai, wapita njia wakatimua mbio, huyu salfeti kichwani, yule viatu mkononi. Mimi nimejibanza kibarazani mwa duka, mkavu kabisa, nawapiga picha kwa simu. Akapita mama mmoja wa makamo. Kitenge kimemganda mwilini, wigi amelivua na kulikumbatia kifuani kama kifaranga. Nikabonyeza. Akaniona. Akasimama katikati ya maji, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, umeniomba?"

Sikuwa na jibu. Akaenda zake.

Bwana, picha ile ni kali! Washikaji kijiweni wanasema niipeleke kwenye mashindano. Barabara ni ya wote, wanasema, anayetaka asionekane abaki kwake. Na si wao tu. Kati ya 1999 na 2001 Mmarekani Philip-Lorca diCorcia alificha taa pale Times Square, New York, akawapiga picha wapita njia wasijue. Mzee mmoja Myahudi alipojiona kwenye picha hizo alikwenda mahakamani, akisema dini yake haimruhusu. Mwaka 2006 mahakama ilimpa ushindi mpiga picha: ile ni sanaa.

Sawa. Lakini mahakama ilijibu swali la sheria. Mama yule hakuniuliza kama ninayo haki. Aliniuliza kama nilimwomba.

Je, basi tusipige picha mvuani? La hasha! Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa hapa Dar es Salaam. Picha za Jangwani iliyozama ziliwafanya hata waliolala pakavu wajue nini kimewapata wenzao. Kamera iliyonyamaza siku ile ingekuwa kamera ya dhambi.

Picha yangu ilimfaidia nani? Hapo ndipo ninaponasa. Mtu wa mjini hutoka nyumbani amejiandaa. Hata aliyelala na njaa hupiga pasi. Huo si uongo, ndivyo alivyochagua kuonekana. Mvua humvua hayo yote kwa dakika tano. Lakini mvua ina huruma: hukatika, mtu akajikausha, akavaa wigi lake, akawa mama wa watu tena. Picha haikatiki. Ndani ya simu yangu mama yule bado amelowa.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote, akatoka kimya. Ila sisi tunaoota kuandika riwaya tutanyamazaje? Kazi yetu ni kusimulia tuliyoyaona. Tazama, hata hapa nimeshamsimulia, wigi na yote, wala sikumwomba! Najitetea kwamba ukikutana naye hutamjua, kwani maneno yangu hayana sura yake. Utetezi huo unatosha? Nadhani nusu. Nusu nyingine ni deni.

Nimerudi Mtaa wa Kongo mara mbili kumtafuta, sikumpata. Picha sijaifuta, maana kuifuta ni kuficha ushahidi. Mashindanoni siipeleki. Nikimpata nitamwonyesha na kumwomba, nikiwa nimechelewa. Akikataa, nitaifuta mbele ya macho yake, hata kama sitapata tena picha nzuri kama ile.

Na wewe mwenzangu wa kalamu, au wa kamera, mvua ikinyesha tena utakuwa kwenye kibaraza cha nani? Yule unayemtazama anapita mbele yako amelowa. Ungekuwa wewe, ungependa uulizwe?