Mbele ya Pazia, Nyuma ya Pazia



Ikikaribia miezi ya Juni na Desemba, sisi tunaoishi ughaibuni huwa na mazungumzo ya aina moja tu: tiketi. Popote tunapokutana, iwe arusini, msibani au dukani tunakonunua sembe na samli, tunaulizana nani kapata bei gani, anapitia wapi, na anaruhusiwa kilo ngapi. Zamani mazungumzo hayo yaliishia kwenye viti vya nyuma, kwa kuwa viti vya mbele ya pazia tulivijua ni vya mabalozi, mawaziri na wenye makampuni. Mambo yamebadilika. Yapo mashirika yanayouza daraja la biashara kwa bei ya chini kuliko wakubwa, mara nyingi katika ndege zenye umri mkubwa zilizokarabatiwa, zikatiwa viti vipya, mazulia mapya na rangi mpya. Muuguzi au dereva wa basi akijibana miezi kadhaa, naye anaweza kukaa pale. Hapo ndipo linapozuka swali tunalopenda kulijadili leo: je, ni haki kwetu kukinunua kiti hicho?

Wapo watakaosema hili si swali hata kidogo. Pesa ni yake, jasho ni lake, mwacheni mtu alale. Wapo pia watakaosema jibu li wazi: huo ni ufujaji, na nyumbani kuna watu wanalala bila dawa. Sisi tunaona pande zote mbili zinakimbilia jibu kabla ya kuuliza kinachouzwa ni nini hasa.

Tuanze na historia kidogo, maana inafundisha. Daraja la biashara halikuanza kwa sababu ya kitanda. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashirika makubwa kama Pan American na British Airways yalipoona kuwa wafanyabiashara waliolipa nauli kamili walikuwa wakikaa bega kwa bega na watalii waliolipa nusu yake. Wenye nauli kamili wakanung'unika. Ikaonekana dawa ni kuwatenga: wakapewa sehemu yao, vinywaji vya bure na huduma ya haraka, lakini kiti chenyewe kilikuwa karibu sawa na cha wenzao wa nyuma. Kiti cha daraja hilo kinacholala kikawa kitanda kamili kilikuja kuingizwa na British Airways mwaka 2000, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo pazia lilitangulia, raha ikafuata. Hilo tulikumbuke, kwa sababu hata leo tukinunua tiketi ya mbele tunanunua vitu viwili vilivyofungwa katika karatasi moja. Kimoja ni nafasi ya kunyoosha miguu. Cha pili ni kutenganishwa na wengine.

Je, vitu hivyo viwili vinaweza kutenganishwa? Jaribio moja lilifanyika hapa hapa Uingereza. Kati ya mwaka 2005 na 2008 zilizuka kampuni tatu zilizoruka kati ya London na Marekani kwa ndege zisizokuwa na daraja jingine ila la biashara. MAXjet na Eos ziliondokea Stansted, Silverjet ikaondokea Luton. Zote zilitumia ndege za Boeing zilizokwisha kutumiwa na wengine, wakazivua viti vya zamani na kuzipamba upya. Silverjet ilianza mwaka 2007 ikitangaza tiketi ya kwenda na kurudi kuanzia chini kidogo ya paundi 1,000, bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile waliyotoza wakubwa. Ndani ya ndege hizo hapakuwa na pazia. Kila aliyeingia alikuwa wa mbele, kwa kuwa nyuma haikuwapo.

Hazikudumu. MAXjet ilisimama mkesha wa Krismasi wa mwaka 2007, Eos ikafuata Aprili 2008, na Silverjet ikafunga mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda kupita kiasi, mikopo ikawa adimu, na mashirika makubwa hayakukaa kimya. Kampuni ya Kifaransa, La Compagnie, ilifufua wazo hilo mwaka 2014 kwa ndege za Boeing 757 zilizokarabatiwa, ikarusha pia kutoka Luton kuanzia mwaka 2015, lakini njia hiyo ya Luton ikafungwa mwaka 2016.

Kuhusu uzee wa ndege tusiseme mengi. Sisi si watu wa kudharau kilichotumika. Tumevaa mitumba, tumeendesha magari yaliyokwisha kuzunguka Japani miaka kumi, nayo yakatufikisha. Ndege haihesabiwi umri kwa miaka pekee, bali pia kwa saa ilizoruka na mara ilizopaa na kutua, na kila baada ya miaka kadhaa hufunguliwa na kukaguliwa mpaka kwenye mifupa yake. Ndege ya miaka ishirini iliyotunzwa haina aibu yoyote. Tujue tu kwamba zulia jipya halisemi lolote kuhusu injini. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Tunalitaja hili kwa sababu ukarabati si wa ndege peke yake. Msafiri naye hukarabatiwa. Tunawafahamu wenzetu ambao miezi kumi na moja ya mwaka wanabeba boksi usiku, wanalala watatu chumba kimoja, kisha mwezi wa kumi na mbili wanajipaka rangi mpya: suti, saa, tiketi ya mbele iliyonunuliwa kwa kadi ya mkopo, na picha ya glasi mkononi iliyotumwa kabla ndege haijaondoka. Hatuwacheki. Nyumbani kunadai picha hiyo. Anayerudi amechoka, na begi lake jepesi, huambiwa Ulaya imemshinda. Lakini picha hiyo ina gharama kuliko tiketi yenyewe, kwa kuwa mdogo wake anayeiona huamini kwamba huku pesa zinaokotwa, na akiomba mwezi wa pili akaambiwa hakuna, huamini kuwa amenyimwa. Ugomvi mwingi kati yetu na ndugu zetu huanzia kwenye zulia jipya lililofunika sakafu kuukuu.

Hebu sasa turudi kwenye vile vitu viwili, raha na kutengwa.

Raha ya mwili hatuoni kwa nini mtu aionee haya. Safari ya kutoka London hadi Dar es Salaam kwa kupitia mji mwingine humaliza nusu siku na zaidi, na ya kutoka Minneapolis ni karibu siku nzima na usiku wake. Mwenye magoti mabovu, mwenye mgongo uliopasuliwa, mama mjamzito, mzee wa miaka sabini, hao wana haja, na haja si anasa. Wengine hufuata mizigo tu, kwa kuwa mashirika mengi humruhusu wa mbele mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, na yule mwenye ukoo mkubwa anaijua thamani ya kilo. Lakini tusiisingizie afya pasipo sababu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne na zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni, na kwamba kinachoileta ni kukaa muda mrefu bila kujongea, iwe ndani ya ndege, treni, basi au gari. Mwenye afya anayesimama na kutembea mara kwa mara amejitibu kwa bure.

Kutengwa ndiko kunakohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, hasa na sisi. Wazee wetu waliyajua madaraja ya safari kabla hatujayajua sisi. Katika reli iliyotoka Mombasa kwenda bara, enzi za Mwingereza, daraja la tatu lilikuwa la Mwafrika, na hakuna aliyemuuliza ana pesa kiasi gani. Katika meli za British India zilizopita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwenda Bombay, watu walisafiri sitahani, wakitandika mikeka yao wazi penye jua na mvua, huku vyumba vya wengine vikiwa na mashuka meupe. Ndiyo maana baadhi yetu, tukikaa mbele ya pazia, tunahisi tumelipiza kisasi kwa niaba ya babu. Hisia hiyo tunaielewa, tena tunaiheshimu. Babu alinyimwa kiti kwa ajili ya rangi yake, na mjukuu amekaa.

Hata hivyo tujiulize: babu alichukia nini? Alichukia kukaa sitahani, au alichukia kwamba palikuwa na mtu anayefurahi kwa sababu yeye yuko sitahani? Tukijibu kwamba ni hilo la pili, basi kuhamia upande wa pili wa pazia hakukuliondoa dhulma lile. Kumetuhamisha sisi tu. Ndiyo maana tunaona zile ndege za Stansted na Luton zilituachia kipimo kizuri, ingawa zenyewe zimekufa. Anayefikiria kununua kiti cha mbele ajiulize: kama ndege nzima ingekuwa na viti hivihivi, na kama hakuna hata mtu mmoja nyumbani atakayejua nilikaa wapi, ningekinunua bado? Anayejibu ndiyo ananunua usingizi, na usingizi ni halali yake. Anayesita ajue kwamba sehemu kubwa ya fedha zake inalipia watu wa nyuma wapite wakimtazama.

Lipo pia jambo ambalo kipimo hicho hakiligusi. Ndege ya Eos ilikuwa na viti 48, mahali ambapo kwa kawaida hukaa watu karibu 200. Ndege haichomi mafuta robo kwa sababu abiria ni robo. Kwa hesabu ya kawaida kila abiria wa pale alitumia sehemu ya watu wanne. Hata pasipo pazia, basi, nafasi tunayoichukua inatoka mahali. Wakulima wa pwani na bara wanaosubiri mvua zisizofika kwa wakati hawamo katika ndege hiyo, nao wanalipa. Hatusemi watu wasisafiri, maana sisi tusiposafiri tutawazika wazazi wetu kwa simu. Tunasema tu kuwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi si bei yote.

Tubaki na lile swali zito la wanaosubiri nyumbani. Tuseme tofauti ya nauli ni paundi 800. Kwa fedha hizo mtoto anasomeshwa, bati linaezekwa, deni la hospitali linalipwa. Je, kila anayekaa mbele amemnyang'anya mtoto ada? Tukishika njia hiyo mpaka mwisho wake, hata kikombe cha chai tunachokunywa kituoni kwenye baridi ni cha yatima, na hakuna binadamu awezaye kuishi hivyo. Tena ndugu zetu wenyewe hawatuombi tuishi hivyo. Wanachotuomba ni kutimiza tulichoahidi.

Nasi tunadhani mpaka uko hapo, kwenye ahadi. Aliyemwambia dada yake kuwa ada ya Januari asiwe na wasiwasi nayo, fedha hizo si zake tena, hata kama bado zimo katika akaunti yake. Akizilalia angani, amelala juu ya kitu cha mtu. Aliyetimiza ahadi zake, hana deni la kadi, na kimebaki chake, huyo asihukumiwe na mtu, wala asijifiche. Mtu hujikuna ajipatapo. Ubaya wa bei kushuka ni kwamba kiti kimekuja karibu kabisa na mahali mkono unapofika, na ni rahisi kujinyoosha kidogo zaidi kwa kutumia cha mwenzako.

Matumizi mazuri kuliko yote tuliyoyaona ni ya watoto waliochangishana ili mama yao, aliyekuja kuwatembelea na magoti yake mabovu, arudi amelala, huku binti anayemsindikiza akikaa nyuma. Lakini hata hapo tuwe na adabu ya kumuuliza mwenyewe. Yupo bi mkubwa mmoja katika jamii yetu aliyeulizwa, akajibu, "Huko mbele nitaongea na nani?" Alikuwa na haki. Viti vya siku hizi vimejengewa kuta ndogo ili mtu asimwone jirani yake, na kwa mama aliyezoea safari ya basi la Tanga, yenye maembe ya kugawana na mtoto wa mtu mapajani, ukuta huo si heshima, ni upweke. Wanawe walimnunulia kiti cha kando ya njia, karibu na choo, pembeni ya mjukuu wake, wakamwombea kiti cha magurudumu viwanjani, na fedha zilizobaki wakampa mkononi agawe mwenyewe akifika. Alifika amechoka, lakini aligawa kwa mkono wake.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wale wanaosafiri mbele ya pazia kwa dhamiri safi, tunawakaribisha watuandikie.