Meka Moja kwa Siku

 Hapa Likasi, wakati wa kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi alipewa posho ya unga. Hesabu ya mwezi ilifanywa na kampuni. Siku hizi hesabu imerudi jikoni, lakini wengi bado wananunua meka moja, yaani kipimo kimoja cha unga, kwa siku, na bei ya meka haisimami. Mahindi mengi hutoka Zambia, na mwaka 2024 ukame ulitangazwa huko kuwa janga la taifa. Tukakumbuka bukari yetu, ugali wa mahindi, inaanzia wapi. Kwa kuwa bei hufuata mavuno, akiba kubwa haiko katika kupunguza mafuta ya sombe. Iko katika kununua mahindi mwezi wa tano, baada ya mavuno, badala ya mwezi wa kwanza, ghala zikiwa tupu.

Mtu atasema: ninalipwa kwa siku, feza za mfuko mzima nitazitoa wapi? Ni kweli, na kumwita mtu huyo mvivu ni matusi. Lakini likelemba, mchango wetu wa zamu, inayonunua masufuria na vikwembe yaweza kununua mahindi pia, zamu kwa zamu. Na fukusi? Mahindi yakaushwe sawasawa juani, yafungwe pasipoingia hewa, na mashineni yapelekwe ya juma moja tu, maana unga huharibika upesi kuliko punje.