Kila Umri na Hatari Yake

Yosefu alikuwa kijana wa miaka 17 ndugu zake walipomtupa kisimani, kisha wakamwuza kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Misri. Kanzu yake waliichovya katika damu ya mbuzi, naye Yakobo akaamini kuwa mwanawe ameraruliwa na mnyama mkali. Hakuwashuku waliomletea kanzu.

Nasi, jamaa wapenzi, twafanana na mzee yule. Jioni twafunga milango kwa komeo, twafuga mbwa, tukidhani adui hutoka mbali. Kwa kijana wa kiume labda ni kweli. Yeye hupatwa njiani, au pombeni, au katika ugomvi wa usiku. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019 juu ya mauaji duniani ilionyesha kwamba wanaume wa miaka 15 hadi 29 ndio wanaouawa kupita wengine. Huyo twamwonya kila siku, na ni vema.

Mtoto je? Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Wengi hawakumwambia mtu. Mtoto hunyamaza maana amefundishwa kuwatii wakubwa. Na waliomfundisha ni sisi.

Na bibi kizee, aliyepika miaka 50 katika moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe hata macho yakawa mekundu? Huko Shinyanga na Mwanza wanawake wa namna hiyo wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Wekundu ule ulitoka wapi, kila aliyekula chakula chake ajua. Na mara nyingine shamba lake lilikuwa likitamaniwa na jamaa yake mwenyewe kabla mganga hajatamka neno. Hapo Amri ya Nne na ya Tano zavunjwa kwa panga moja.

Tusiseme kwamba mambo haya ni ya wasiobatizwa. Walio karibu husikia minong'ono mapema: mtoto ameanza kuiogopa nyumba fulani, wajukuu wamekatazwa kula kwa bibi. Watu wema hungoja, wasije wakavunja ujirani. Rubeni naye hakupenda Yosefu afe. Alinuia kumwokoa baadaye, kwa siri, amrudishe kwa baba yake. Aliporudi kisimani, kijana hakuwamo.