Kutoa ni Moyo na Haki ya Mtoaji Kuuliza

Methali isemayo "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika Afrika Mashariki ya leo, kwa kuwa huchapishwa kwenye kadi za michango, hutamkwa na washereheshaji kwenye harambee, na hutumwa kwenye makundi ya simu pamoja na namba ya kupokelea fedha; lakini kadiri inavyotajwa ndivyo nusu yake ya pili inavyozidi kuachwa, na nusu ya kwanza ikibaki peke yake hupewa kazi ambayo wahenga hawakuipa. Kazi hiyo ni kunyamazisha watu. Mwanachama wa kikundi cha mtaani anapouliza zilikoishia fedha zilizochangwa kwa ajili ya pampu ya kisima, hujibiwa kwamba kutoa ni moyo, yaani aliyetoa kwa moyo hana tena la kuuliza, na kwa kuuliza amejidhihirisha kuwa hakutoa kwa moyo. Jibu hilo husifiwa kama busara, na muulizaji hutazamwa kama bahili anayetaka kurudishiwa chake.

Ugomvi uliopo basi si juu ya maana ya jumla ya methali, ambayo hakuna asiyeijua, bali ni juu ya jambo moja: je, moyo unaotajwa humaliza kazi yake pale mkono unapoachia, au huendelea na sadaka hadi imfikie aliyekusudiwa?

Nusu ya pili, inayoachwa, ndiyo inayoonyesha methali ilikuwa inajibu nini. Inamkataza mtu kusema kwamba kutoa ni kazi ya matajiri, na kwa katazo hilo inawagusa watu wa aina mbili: mwenye kidogo anayejificha nyuma ya uchache wa mali yake, na mtazamaji anayehesabu noti za watu ili ajue nani amheshimu. Juu ya yatakayotokea baada ya kutoa, methali haikusema neno, na kunyamaza kwa methali si katazo. Ajabu ni kwamba hafla zinazoitamka kwa sauti kubwa zaidi ndizo zinazoivunja mbele ya hadhara, pale ambapo mgeni rasmi hutangaziwa kiasi chake kwa kipaza sauti, makofi yakapimwa kwa uzito wa kiasi hicho, huku waliotoa shilingi mia tano wakijumlishwa katika fungu moja lisilo na majina.

Hoja nzito zaidi iko kwenye moyo wenyewe. Katika mafunzo ya dini yaliyolea lugha hii pwani, moyo ndio makao ya nia, na nia haiwezi kuwa nia bila kuwa na inakoelekea. Mtu hanuii kutoa tu. Hunuia kumtolea fulani, au kwa ajili ya jambo fulani, na jambo hilo ni sehemu ya tendo lake kama ilivyo fedha iliyotoka mfukoni. Mjane aliyetoa akiba yake ili mtoto asiye na baba apate sare ya shule hakutoa karatasi zenye picha, bali alitoa sare. Ikigeuka kuwa posho ya kikao, basi kitu alichokitoa kwa moyo hakikutolewa kamwe, hata kama mkono wake ulibaki mtupu. Ndiyo maana anayesema kwamba kuuliza ni dalili ya kukosa moyo ameigeuza methali kichwa chini, kwa sababu mwenye nia ndiye mwenye sababu ya kuuliza, na asiyejali sadaka yake iliishia wapi anastahili kuulizwa yeye kama kweli alinuia chochote.

Ushahidi wa wazi wa jambo hili umo katika taasisi ya wakfu, yaani mali inayozuiwa isiuzwe wala kurithiwa ili manufaa yake yaende kwenye jambo la kheri lililotajwa na mwekaji. Asili yake huelezwa kwa kisa cha Umar bin Khattab, sahaba wa Mtume Muhammad, na ardhi yake ya Khaibar, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa mali yenye thamani kuliko yoyote aliyowahi kuipata, na ambayo Mtume alimshauri azuie shina lake na kuyatoa mazao yake. Umar akafanya hivyo, lakini hakuishia hapo: aliwataja watakaonufaika, wakiwemo maskini, jamaa, wasafiri na wageni, akaweka masharti kwamba ardhi isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na akaeleza pia kwamba msimamizi anaweza kula kwa kiasi bila kujilimbikizia. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba Umar alipungukiwa na moyo kwa kuweka masharti hayo. Kinyume chake, aliyetoa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo ndiye aliyehangaika zaidi juu ya matumizi yake, na kutokana na mtazamo huo wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walifikia kanuni mashuhuri inayolipa sharti la mwekaji wakfu nguvu iliyo karibu na ya andiko la sheria yenyewe.

Pwani ya Waswahili imeishi na kanuni hiyo kwa vizazi. Misikiti, visima, nyumba na mashamba ya minazi ya Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa yaliwekwa wakfu na watu ambao wengine walikuwa matajiri wa biashara na wengine wanawake wenye minazi michache tu, na kila wakfu ulikuwa na mutawalli, yaani msimamizi anayewajibika. Serikali nazo ziliingia katika kazi hiyo. Kenya ilitungiwa sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hadi leo. Kwamba baadhi ya mali hizo zililiwa na waliokabidhiwa kuzilinda ni jambo linalolalamikiwa pwani nzima, lakini hakuna mlalamikaji anayenyamazishwa kwa kuambiwa kwamba marehemu alitoa kwa moyo. Jamii iliyoilea methali inajua kwamba moyo wa marehemu ndio unaoifanya khiyana hiyo iwe nzito.

Upande wa Wakristo, methali hii huambatanishwa mimbarani na kisa cha mjane aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hazina ya hekalu, kisa kinachoisimulia Injili ya Marko katika sura ya 12. Wahubiri wengi huanza kusoma pale mjane anapoingia na kuishia pale anaposifiwa. Wangeanza mistari michache nyuma, wangekuta Yesu akiwalaumu walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na wangeendelea mbele kidogo, wangekuta akitabiri kwamba hekalu hilo halitaachiwa jiwe juu ya jiwe. Sifa ya mjane imewekwa katikati ya hukumu juu ya wapokeaji. Kuitumia sifa hiyo kukusanya sarafu za wajane wa leo, na kuiacha hukumu inayoizunguka, ni kosa linalopaswa kusemwa waziwazi. Paulo naye, alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alihakikisha kwamba fedha zinasafirishwa pamoja na watu wengine walioaminiwa na makanisa, na akaeleza sababu yake katika waraka wa pili kwa Wakorintho: asije mtu akawalaumu kuhusu kiasi kikubwa walichokabidhiwa.

Wapo wanaoleta methali nyingine kuwa kinga, nayo ni "Tenda wema nenda zako", na wapo wanaokumbusha fundisho, lililomo katika Uislamu na Ukristo pia, kwamba mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Pingamizi hizi zina uzito wake, kwa kuwa zinalinda kitu cha kweli, ambacho ni unyofu wa mtoaji. Lakini kinachokatazwa ndani yake ni kungoja shukrani na kutafuta sifa, na hayo yote yanamhusu mtoaji na jina lake, si sadaka na safari yake. Inawezekana kabisa mtu akajificha asijulikane na bado akataka kujua kama dawa zilifika zahanati. Tena huyo ndiye mtoaji aliyekamilika, kwani anachokifuata ni mgonjwa wala si picha yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, kutouliza kwa watu wengi wa leo hakutokani na unyofu wala imani. Hutokana na uvivu. Mtu hutuma fedha kwa simu ndani ya nusu dakika ili aondokane na jina la maskini lililomjia kwenye kioo, na akishatuma hujiona amemalizana na jambo hilo, kana kwamba alikuwa analipa faini.

Jamii za Kitanzania zenyewe zina desturi inayoonyesha njia, nayo ni ile ya kusoma mapato na matumizi msiba unapoisha. Rambirambi, au ubani kama unavyoitwa pwani, huandikwa daftarini jina kwa jina; na wakati wa kuanua tanga msemaji husimama mbele ya waombolezaji akataja kilichoingia, kilichonunuliwa, na kilichobaki kukabidhiwa wafiwa. Hakuna anayeona usomaji huo kuwa ni kuwavunjia heshima wafiwa au kuwashuku wanakamati. Ukikosekana ndipo minong'ono huanza. Kamati za harusi nazo hazivunjwi kabla ya kufanya hivyo. Wahenga walikwisha kuliweka sawa jambo hili waliposema "Mali bila daftari hupotea bila habari", na ni ajabu kwamba vikundi vya misaada vinavyotundika ukutani methali ya moyo huisahau methali ya daftari, ilhali zote mbili zimetoka kinywa kimoja.

Kesi ngumu haziko kwenye wizi, ambao hakuna anayeutetea, bali kwenye mabadiliko ya kusudi. Tetemeko la ardhi lililoukumba Mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya kumi, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu majengo ya umma, zikiwemo shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Michango ilimiminika kutoka kwa wananchi, wafanyabiashara, mashirika na nchi rafiki. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini maofisa wawili kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina lililofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa, na taifa zima lilishtuka. Lakini mjadala uliodumu zaidi ulikuja baadaye, wananchi walipoelezwa kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba nguvu zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma kama shule na zahanati. Uamuzi huo ulikuwa na hoja, kwani shule iliyojengwa upya humfaa hata mtoto wa aliyebomokewa, na mfuko mmoja wa saruji kwa kila kaya haujengi nyumba. Hata hivyo, waliochanga wengi walikuwa na sura za waliolala nje mawazoni mwao, na waliolala nje waliamini kwamba fedha hizo zilikuwa na majina yao.

Hapa ndipo moyo wa methali unapodai zaidi ya uaminifu wa kutoiba. Wanazuoni wa wakfu wametofautiana juu ya nini kifanyike iwapo jambo lililokusudiwa limeshindikana, kwa mfano kisima kikikauka, lakini msimamizi hakupewa ruhusa ya kugeuza kusudi kwa matakwa yake peke yake, hata kama matakwa hayo ni mema. Busara ya mpokeaji haiwi mbadala wa nia ya mtoaji. Ama aseme tangu anapoomba kwamba michango itakwenda kwenye majengo ya umma, ama arudi kwa waliotoa na kwa walioombewa akawaeleze kabla ya kutumia.

Haki ya kuuliza nayo ina mipaka, na watoaji wengine wanaivuka. Wako wanaotaka kila shilingi igeuke kitu kinachopigika picha, wakakataa kuchangia mshahara wa mlezi wa usiku, kodi ya pango au ankara ya maji, kwa sababu hakuna utepe wa kukata mbele ya ankara. Vituo vya kulelea watoto yatima hufurikwa na mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia wakati wa Idi na Krismasi, wageni wakapiga picha na watoto ambao hakuna aliyewauliza ridhaa yao, kisha miezi mingine ikapita kimya huku ada na mishahara ikidaiwa. Hilo si kufuatilia sadaka, ni kuitawala. Sheria ya zaka, inayotaja makundi manane ya wanaostahili, iliwaweka wakusanyaji na wagawaji wa zaka kuwa kundi mojawapo, na Umar naye hakumnyima msimamizi chakula chake. Gharama ya kuhudumia sadaka ni halali, alimradi itajwe wazi na isizidi kiasi.

Lipo bado jambo moja ambalo nusu iliyoachwa ya methali inalitolea hukumu kali kuliko yote. Vikundi vingi vya misaada huandika taarifa nzuri zenye majedwali na picha, zikapelekwa kwa wafadhili wakubwa wa ng'ambo kwa tarehe zilizopangwa, lakini mama wa genge aliyetoa shilingi elfu moja kila mwezi kwa kikundi hichohicho hajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja, na akiuliza ndipo anapoambiwa kwamba kutoa ni moyo. Maana yake ni kwamba haki ya kujua imepimwa kwa utajiri, jambo lilelile ambalo methali ilikataza lisisemwe. Ikiwa elfu moja ya mama huyo ni sawa na milioni za mfadhili kwa sababu moyo ndio uliotoa, basi hesabu anazosomewa mfadhili asomewe na yeye, kwa Kiswahili anachokielewa, mahali anapofika kwa miguu, na kwa saa ambayo amekwisha kufunga genge lake.