Kijani cha Kuazima

Machi hii baa moja hapa Nairobi ilinilipa niiandikie matangazo ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Bia ya kijani, kofia za kijani, ukija na nguo ya kijani unauziwa ya pili nusu bei. Mwenye baa si Mwairishi. Mimi pia si Mwairishi. Wateja wenyewe ni watu wa Roysambu na Rongai. Nikaandika "Leo sote ni Waairishi", nikatuma, nikangoja M-Pesa.

Kusoma nilisoma baadaye, pesa ikiwa imeshaisha. Mwaka 1798 kundi lililoitwa United Irishmen liliasi utawala wa Uingereza, na kijani ndiyo iliyokuwa rangi yao. Siku hizo utepe wa kijani tu ungetosha watu wakushuku uasi, na waasi walinyongwa. Kisha kuanzia 1845 viazi vikaoza shambani mwaka baada ya mwaka. Watu kama milioni moja wakafa, na zaidi ya milioni wakapanda meli. Wengi waliishia Marekani, na huko wao na watoto wao wakaikuza hii sikukuu. Chicago wanatia mto rangi ya kijani tangu 1962. Na huko, tarehe 17 Machi ukitoka bila kijani, wenzako wanakufinya kwa mzaha. Yaani rangi iliyokuwa ya kukuponza ukiivaa, leo unafinywa usipoivaa.

Sasa, nilikosea?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hesabu hiyo, usivae ambacho hukukilipia. Nilikuwa karibu kukubali, shida ni kwamba nina hudi. Ni ya chuo nilichoacha mwaka wa pili, karo ilipomshinda mzee. Bado naivaa. Juzi kwa mathree jamaa akaniuliza, "Wewe ulimaliza mwaka gani?" Nikamjibu, "Bado." Hapo sikudanganya, lakini ukweli pia sikuusema. Na kama kuvaa ni kwa waliolipa peke yao, hiyo hudi ningekuwa nimeichoma kitambo.

Halafu kuna Patrick mwenyewe. Hakuzaliwa Ayalandi. Alitoka Uingereza ya enzi za Warumi, na akiwa na miaka kama 16 wavamizi wa Kiairishi walimteka, wakamfanya mtumwa. Alichunga mifugo yao miaka sita, akatoroka hadi kwao. Baadaye akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu walewale. Leo ndiye mtakatifu wao mkuu, na yeye mwenyewe alikuja kama mgeni. Lakini hakuna mahali alipojifanya kuwa alizaliwa huko. Katika maandishi yake alieleza wazi alikotoka na walichomtendea.

Hapo ndipo naona kosa langu. Kijani haina shida, mtu yeyote avae. Shida ni ile sentensi yangu. Niliwachukulia watu bia na kofia, nikaacha kamba na njaa, halafu nikasema sisi ndio wao. Ukiazima kanzu ya jirani kwenda harusini, sema ni ya jirani. Hakuna atakayekufukuza.

Mwakani kazi ikija nitaichukua, kodi ya nyumba hainingoji. Ila nitatafuta nafasi ya mstari mmoja kuhusu 1798. Na nikiulizwa tena kwa mathree, nitasema nilifika mwaka wa pili. Hudi itabaki mwilini. Asubuhi kuna baridi.